Mwanga Utibuo na Kipimo Chake: Suala la Istilahi

Mama aliyejifungua mjini Eldoret akiambiwa kwamba mwanawe ana "homa ya manjano", ana haki ya kutishika. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi uenezwao na mbu, na ndio uliozuka katika Bonde la Kerio, mashariki ya mji huo, mnamo 1992 na 1993. Umanjano wa mtoto mchanga si homa wala hauambukizi. Ni rangi ya bilirubini, zao la kuvunjika kwa seli nyekundu za damu, ambayo ini changa halijaweza kuiondoa upesi. Ikizidi mno huingia ubongoni, na mtoto huweza kupoteza usikivu au udhibiti wa viungo.

Tiba yake ni mwanga wa samawati. Katika miaka ya 1950, muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, alitambua kuwa watoto waliotolewa juani walipungukiwa na umanjano, isipokuwa pale ngozi ilipofunikwa. Mwanga wa kati ya nanomita 460 na 490 hubadili umbo la bilirubini, nayo ikatoka kwa nyongo na mkojo. Zamani taa ilining'inizwa juu ya kitanda. Siku hizi kuna pia blanketi la nyuzi nyembamba zipitishazo mwanga kutoka kwenye kisanduku hadi mgongoni mwa mtoto, naye akaweza kupakatwa na mamaye.

Hapa ndipo neno "mwanga" linapoelemewa. Husemwa kuwa taa "ina mwanga mkali", ilhali ukali huo ni hukumu ya jicho, na jicho huvutiwa zaidi na kijani: kwenye nanomita 460 wepesi wake wa kuhisi haufiki asilimia 10 ya kilele chake. Kifaa kipimacho mwanga wa ofisini kimeundwa kumwiga binadamu, hivyo hurithi udhaifu huo huo. Taa iliyochakaa yaweza kung'aa vizuri tu na isitibu.

Aidha, nguvu itokayo kwenye uzi, ipimwayo kwa wati, si kile kiifikiacho ngozi. Nguvu ile ile ikisambazwa kwenye duara lenye nusukipenyo maradufu, kila sentimita ya mraba hupata robo tu. Ndiyo maana Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2004 na ule wa 2022, kilitaja kipimo kirefu kukitamka: angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita.

Yafaa basi "ukali" uachiwe jicho, "nguvu" iachiwe uzi, na kile kipatwacho na ngozi kiitwe "kiwango cha mwanga kwa eneo", mpaka wanaistilahi watoe neno fupi zaidi. Nyuzi za blanketi hukatika ndani kwa ndani kwa kukunjwakunjwa, zikaacha madoa hafifu. Kwa hiyo kipimo huchukuliwa mahali kadhaa, na si katikati pekee. Muuguzi akiandika kwenye faili "mwanga upo", mwenzake wa zamu ya usiku hajui kama mtoto anatibiwa au anamulikwa tu.