MASHINDANO YA UVUMBUZI WA WANAFUNZI: KAZI NA IBAKI MIKONONI MWA MTOTO

Wananchi na watumishi wa Serikali wenye watoto katika skuli za msingi wamekuwa wakiuliza maana ya mashindano ya uvumbuzi wa wanafunzi, namna mtoto anavyopaswa kuandaliwa, na kiasi gani cha msaada mzazi anaruhusiwa kutoa. Maelezo yafuatayo yanakusudia kujibu masuali hayo. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Kivukoni na Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Wakaazi wengi wa Visiwani wanazijua sehemu hizo vyema, kwani boti zitokazo Unguja hufunga gati jirani na Kivukoni, na mara nyingi msafiri huelekea Kariakoo kabla hata hajatua mzigo wake.

ASILI YA MASHINDANO

Mwaka 2019 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ilianzisha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayojulikana kwa ufupi kuwa MAKISATU. Wizara iliyatayarisha kwa kushirikiana na Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Washiriki waligawanywa katika makundi saba, nayo ni skuli za msingi, skuli za sekondari, vyuo vya ufundi stadi, vyuo vya ufundi wa kati, vyuo vikuu, taasisi za utafiti, na wabunifu wa mitaani wasio na chuo wala taasisi. Kwa hiyo mtoto wa skuli ya msingi alipewa nafasi yake mwenyewe tangu mwanzo, wala hakuwekwa kuwa msindikizaji wa wakubwa.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, ulikuwa umeanzishwa mpango wa Wanasayansi Chipukizi Tanzania kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na maonesho yake ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Mpango huo ulifuata mfano wa Ireland, ambako maonesho ya namna hiyo yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1965.

NINI KINACHOHESABIWA KUWA UVUMBUZI

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba mtoto anatakiwa apeleke mashine yenye taa na nyaya nyingi. Dhana hiyo si sahihi, nayo ndiyo chanzo cha makosa mengi. Uvumbuzi ni kupata kitu au njia ambayo haikuwapo. Ubunifu ni kukichukua kitu kilichopo na kukiboresha, au kukitumia mahali pengine kwa faida mpya. Vyote viwili huanza na shida inayojulikana. Mtoto aliyeiona shida kwa macho yake, akatafuta sababu yake, akajaribu dawa yake na akaweza kueleza kilichotokea, amefanya kazi ya kisayansi hata kama chombo chake kimetengenezwa kwa boksi na kamba.

Katika Kivukoni na Kariakoo shida za namna hiyo ni nyingi. Muuza samaki wa soko la Feri hununua barafu alfajiri na kuiona imekuwa maji kabla ya adhuhuri. Mchukuzi wa Kariakoo husukuma mkokoteni mzito katikati ya watu na magari. Mwenye genge hutupa nyanya zilizopondeka chini ya tenga. Mkaazi wa bondeni Jangwani huangalia mto Msimbazi kila mvua za masika zinapoanza. Mtoto anayepita njia hizo kwenda na kurudi skuli ana mambo ya kuuliza kuliko mtoto aliyefungiwa ndani na vitabu. Hatua ya kwanza ya matayarisho, basi, ni kumpa mtoto daftari na kumtaka aandike kwa muda wa wiki moja kila shida aliyoiona, aliyeathirika nayo, na namna watu wanavyoikabili hivi sasa.

MFANO: SANDUKU LA BARAFU

Tuchukulie kwamba wanafunzi wa darasa la tano wamechagua shida ya muuza samaki. Jambo la kwanza ni kuelewa kwa nini barafu huyeyuka. Barafu huyeyuka kwa sababu hupokea joto kutoka nje. Kilo moja ya barafu huhitaji takriban kilojuli 334 za joto ili iwe maji, na kiasi hicho ni karibu sawa na joto linalotosha kuchemsha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi nyuzi 80. Kwa maneno mengine, barafu ni hazina kubwa ya ubaridi, na kazi ya mvumbuzi ni kuzuia joto lisiingie kwa haraka.

Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Makumbi ya nazi, pumba za mbao na matambara makavu hufaa kuzuia joto kwa sababu yameishika hewa ndani yake. Wanafunzi wanaweza kuchukua masanduku matatu yaliyo sawa, kila moja likiwa na boksi dogo ndani ya kubwa. La kwanza wataacha nafasi ya katikati wazi. La pili watajaza makumbi makavu. La tatu watajaza makumbi yaliyolowa maji. Kila sanduku litatiwa kilo moja ya barafu iliyonunuliwa mahali pamoja na wakati mmoja, na yote yatawekwa kivulini mahali pamoja. Kila baada ya saa moja maji yatamwagwa na barafu iliyobaki itapimwa kwa mizani.

Kanuni kubwa hapa ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Likibadilishwa sanduku, kifuniko na kiasi cha barafu kwa pamoja, hakuna atakayejua ni kipi kilicholeta tofauti. Aidha, wanafunzi watatanabahi kwamba makumbi yaliyolowa hayafanyi kazi kama makavu, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya hewa, nayo hupitisha joto zaidi. Hapo litazaliwa suali jipya: vipi makumbi yatakingwa yasilowe katika soko ambalo sakafu yake ina maji siku nzima? Suali hilo halikutoka kitabuni. Limetoka katika kazi yenyewe, na waamuzi wa mashindano hupenda kulisikia.

Ni vyema pia ikaeleweka kwamba dawa iliyofaa mahali pamoja huenda isifae pengine. Katika miaka ya 1990, mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini ya Nigeria alitengeneza chungu ndani ya chungu, katikati yake akatia mchanga wenye maji. Maji yalipokauka kupitia udongo yalichukua joto, na mboga zikakaa siku nyingi bila ya kuoza. Chungu hicho hufanya kazi vizuri pale ambapo hewa ni kavu. Katika mwambao wetu hewa imejaa unyevu, maji hukauka polepole, na ubaridi unaopatikana ni mdogo. Mwanafunzi anayenakili bila ya kujaribu atashangaa kwa nini chungu chake hakipoi. Mwanafunzi anayejaribu ataujua unyevu wa hewa, na hilo ni somo kamili.

KUULIZA SI UJINGA

Tanzania inao mfano wake mkubwa katika jambo hili. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika skuli ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza malai kwa maziwa yaliyochemshwa, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi katika friji, Mpemba aliyaingiza yake yakiwa bado moto. Baadae aliona yameganda, na ya mwenzake aliyeyaingiza bila ya kuyachemsha yalikuwa hayajaganda.

Aliuliza sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha suali lake. Alipokuwa katika skuli ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Dk. Osborne hakucheka, bali aliahidi kwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao katika jarida la elimu ya fizikia, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Hadi leo wataalamu bado wanajadiliana juu ya sababu zake, na wapo wanaotilia shaka kama hutokea kila mara. Hata hivyo, mjadala huo wote ulianza na mtoto wa skuli aliyeona jambo jikoni na akakataa kulinyamazia.

Mafunzo yake kwa walimu na wazazi ni dhahiri. Kumcheka mtoto anayeuliza ni kuufunga mlango ambao pengine hautafunguliwa tena. Asiyejua jibu si lazima alitunge. Anaweza kusema, kama alivyosema mhadhiri yule, kwamba jambo hilo litajaribiwa.

WATOTO WENYE ULEMAVU

Katika eneo la Kariakoo ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambayo hupokea pia watoto wenye ulemavu, wakiwemo wasioona. Wasioona husoma kwa nukta zinazopapaswa kwa vidole, na nukta hizo zenyewe ni uvumbuzi wa mwanafunzi. Louis Braille wa Ufaransa alipoteza uwezo wa kuona baada ya kujiumiza akiwa na miaka mitatu katika karakana ya baba yake. Akiwa skuli mjini Paris alionyeshwa maandishi ya nukta 12 ya Charles Barbier, akaona kwamba herufi moja haienei chini ya ncha ya kidole. Alizipunguza nukta zikawa sita. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa, na kitabu chake kilitoka mwaka 1829. Kwa mnasaba huo, si sahihi kumwacha nje ya mashindano mtoto mwenye ulemavu kwa kumhurumia. Huenda yeye ndiye anayeijua shida kuliko wote.

MPAKA WA MSAADA WA MKUBWA

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, wapo mafundi hodari wa kuchomelea vyuma, na madukani hupatikana mota, betri na nyaya za kila aina. Ni rahisi kwa mzazi mwenye uwezo kumpa fundi kazi, akalipa, na mtoto akabeba chombo kizuri hadi mbele ya waamuzi. Mwamuzi atauliza: kwa nini umetumia hiki na si kile? Ulipojaribu mara ya kwanza kiliharibika nini? Mtoto ambaye hakutengeneza atabaki kimya.

Hasara ya jambo hilo ina pande mbili. Mtoto yule hujifunza kwamba sifa hununuliwa. Na mtoto mwenziwe, ambaye baba yake ni mchukuzi na ambaye chombo chake ni cha makopo lakini anajua kila msumari wake, hukaa pembeni akidhani kwamba sayansi ni ya wenye fedha. Mashindano yakifika hapo, yamepoteza lengo lake.

Kwa hiyo inashauriwa kazi zigawanywe kama ifuatavyo:

(a) Mtoto mwenyewe ndiye achague shida, afanye majaribio, aandike daftari na aeleze kazi yake.

(b) Mwalimu aulize masuali, aoneshe kanuni na asahihishe vipimo. Asitoe jibu pale ambapo jaribio linaweza kulitoa.

(c) Mzazi atoe muda, sehemu ya kufanyia kazi na vitu vidogo vidogo vilivyokwishatumika.

(d) Fundi afanye zile kazi za hatari tu, kama vile kuchomelea na kukata bati, na mtoto awepo akiangalia. Jina la fundi liandikwe katika daftari, kwani kutaja msaada si aibu.

Umeme wa nyumbani usiguswe na wanafunzi wa msingi kwa hali yoyote. Betri ndogo za tochi zinatosha kwa majaribio yao. Daftari lioneshe pia majaribio yaliyoshindikana pamoja na tarehe zake, wala kurasa hizo zisichanwe.

HAKI YA MVUMBUZI

Pindi kazi ya mwanafunzi ikionekana kuwa mpya kabisa, wazazi wanapaswa kutafuta ushauri kabla ya maonesho. Kwa kawaida hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kukionesha hadharani mapema huweza kuipoteza sifa hiyo. Kwa upande wa Tanzania Bara, usajili husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2008 na Wakala wake wa usajili wa biashara na mali. Elimu ya msingi nayo husimamiwa na kila upande kwa taratibu zake, ambapo utafiti ni jambo la Muungano. Walimu wakuu wanashauriwa kuulizia taratibu za ushiriki katika ofisi zao za elimu mapema.

Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea kupima, kuandika na kukiri kosa lake akiwa na miaka kumi atakuwa mtumishi, fundi au mfanyabiashara anayepima, anayeandika na anayekiri kosa lake. Zawadi hupewa wachache, lakini tabia hiyo anaweza kuipata kila aliyeshiriki, mradi kazi iachwe mikononi mwake.