Mstari wa 214

Msimu wa korosho ukifika, mama alimwaga gunia kwenye mkeka uani kwetu Likunja, akakaa kuchambua. Nono huku, iliyosinyaa kule, yenye doa kando. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na karani wa chama cha msingi hakuwahi kumrudishia mzigo. Jioni macho yalikuwa mekundu, akiyafuta kwa pindo la khanga.

Macho hayo niliyakumbuka siku niliposoma habari za Leonard Herzenberg. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Nimefanya kazi Ruangwa na Nachingwea, na kwa miaka mingi nimepima CD4.

Herzenberg alizaliwa New York mwaka 1931, akawa mtafiti wa kinga ya mwili katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Alichunguza chembe nyeupe za damu, walinzi wetu dhidi ya maradhi. Shida yake ni kwamba walinzi hao wana kazi tofauti lakini wamevaa sare moja. Kwenye darubini wengi wao hufanana. Basi alikuwa akiwapaka kingamwili zilizofungwa rangi inayong'aa, kila aina ya kingamwili ikishika aina yake ya seli, kisha anainama kuhesabu zinazowaka, moja baada ya nyingine, mpaka macho yanauma. Akatamani mashine ya kumfanyia kazi hiyo.

Kwenye maabara ya Los Alamos, hukohuko Marekani, mwaka 1965, Mack Fulwyler alikuwa ameunda mashine ya kutenga seli kwa ukubwa wake. Herzenberg aliwaendea watafiti wa huko akawaomba waiongezee uwezo wa kutambua mng'ao. Hawakuwa na hamu na jambo hilo, ila walimpa michoro. Alirudi nayo Stanford, akakaa na mainjinia, na mwaka 1969 wakatangaza mashine yao. Miaka michache baadaye wakaitia leza.

Nivumilie hapa, kwa sababu mimi napapenda sana. Seli hupitishwa kwenye mfereji mwembamba wa maji zikiwa zimepanga foleni. Kila moja hupita mbele ya leza. Iliyopakwa rangi huwaka. Chini kidogo, mtetemo huukata mfereji huo kuwa matone, maelfu kwa maelfu kila sekunde, ufundi uliotokana na mashine za kuchapa kwa wino. Tone lililobeba seli inayotakiwa hupewa chaji ya umeme, likipita katikati ya vibao viwili vya umeme huvutwa pembeni, likaangukia kwenye kichupa chake. Mengine hushuka moja kwa moja. Seli zikitoka zingali hai, mtafiti anaweza kuzikuza na kuziuliza maswali.

Kazi hiyo Herzenberg aliifanya pamoja na mkewe, Leonore. Enzi za ujana wake Chuo cha Caltech hakikuwa kikidahili wasichana wa shahada ya kwanza, naye alikwenda kukaa darasani akisikiliza tu. Baadaye akawa profesa Stanford. Leo mashine za ukoo huo zipo hata Bagamoyo, kwenye Taasisi ya Afya Ifakara, ambako watafiti wamefuatilia seli T, aina mojawapo ya chembe nyeupe, za Watanzania waliojitolea katika majaribio ya chanjo ya malaria.

Mashine yetu ilikuwa mdogo wa ukoo: inahesabu tu, haitengi. CD4 ni protini iliyo juu ya seli T wasaidizi, nayo ndiyo mlango ambao VVU huingilia. Damu ilikuja kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, nyingine kwa pikipiki, na masika barabara ikiwa tope sampuli zilichelewa tukalazimika kuzitupa na kumwita mtu upya. Ilipofika salama, nilichanganya matone machache na kitendanishi, nikaiweka gizani saa nzima, kisha nikangoja namba.

Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, namba hiyo ilikuwa hukumu. Ambaye hajaonyesha dalili kali alianzishwa dawa CD4 zikishuka chini ya 200. Mzee mmoja wa kwetu aliniuliza, "Mwanangu, zimefika ngapi?" Nikamwambia, "Babu, 214." Nikamweleza kuwa bado hajafikia dawa, arudi baada ya miezi 6. Akanishukuru kwa mikono miwili, akidhani nimempa habari njema.

Alirudi baada ya masika, kijana wake akisukuma baiskeli na yeye amekaa nyuma, amejifunika shuka. Zilikuwa 61. Alianza dawa siku ileile. Hakumaliza wiki tatu.

Kiwango kikapandishwa hadi 350, kisha 500. Mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba kila anayekutwa na VVU aanze dawa, hata CD4 ziwe ngapi. Bado tunazipima, hasa kwa wanaokuja wakiwa wamezidiwa, ili tujue ni maradhi gani mengine yanawanyemelea. Lakini hakuna tena anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya namba.

Mwongozo huo wa 2016 ulisomwa kwenye kikao cha asubuhi. Wenzangu walipotoka kwenda chai, nilifungua kabati, nikatoa rejista ya zamani, nikautafuta mstari wa 214.