Kuhifadhi Kazi za Fasihi Simulizi kwa Tarakilishi Moja ya Shule

Mwalimu mwenzangu, kila mwaka unawatuma wanafunzi nyanjani kukusanya ngano, methali na nyimbo. Hapa Machakos wangu hurudi na nyimbo za kilumi walizorekodi kwa simu za wazazi. Mtihani ukiisha, kazi hizo huenda wapi?

Makala haya yananuia kukuelekeza kwenye DSpace, programu isiyolipiwa iliyotolewa mwaka wa 2002 na maktaba za chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, Marekani. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeitumia kuhifadhi tasnifu. Wewe anza na tarakilishi moja, mfumo ukionekana humo tu, ili makosa ya majaribio yasimfikie mtu. Kuanzia toleo la 7 unahitaji Java, hifadhidata ya PostgreSQL, Solr ya kushughulikia utafutaji, na Node.js ya kurasa za kutazamwa. Soma kwanza maagizo ya toleo lako. Nilipoteza wiki nzima kwa kuwa Java niliyokuwa nayo haikuoana nalo. Hatimaye utafungua kivinjari kwa anwani localhost:4000.

Kazi hupangwa kwa jumuiya, kisha mikusanyo, kisha kazi moja moja. Jumuiya yangu ni Fasihi Simulizi, na kila utanzu una mkusanyo wake. Hadi hapo ni rahisi. Ugumu uko kwenye fomu ya maelezo, na hapa mtahiniwa pia asikilize. Fomu inauliza mwandishi. Je, mwandishi wa ngano ni nani? Si mwanafunzi aliyeirekodi, wala si ajuza aliyeitamba, kwani ngano ni mali ya jamii. Ongeza basi nafasi za fanani, mkusanyaji, mahali na hadhira kwenye sajili ya maelezo, na uzitaje pia katika faili ya fomu, la sivyo hazitaonekana. Mwanafunzi akizijaza, amekwisha kuanza uhakiki.

Usiweke humo vitabu teule kama vile Nguu za Jadi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanani naye aombwe idhini kabla ya kurekodiwa.

Jambo moja lilinigharimu. Rekodi hukaa katika folda ya assetstore, zikiwa na majina ya tarakimu tupu. Maelezo yake yote yamo katika PostgreSQL. Mimi nilikuwa nikinakili folda pekee. Tarakilishi ilipoharibika, nilibaki na sauti za akina nyanya nisijue ipi ni ya nani, na wawili kati yao walikuwa wamefariki. Faharasa ya Solr huweza kuundwa upya, maelezo hayawezi. Sasa nanakili folda na hifadhidata pamoja kila Ijumaa, kwenye diski inayofungiwa katika kabati la idara.