MJOMBA, FOREMAN HAKURUDI ULINGONI BURE

MPENZI msomaji, wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya mitindo. Nina stori ya ngumi. Lakini usigeuze ukurasa, hata wewe dada ambaye ukiona damu tu unafumba macho. Hii ni stori ya mtu aliyeonekana kwisha akiwa na miaka 28. Na wangapi kati yetu hatujaambiwa tumekwisha? Mimi niliambiwa siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, na aliyeniambia tulikuwa tunakula naye sahani moja.

Yote yameanzia kwa mjomba wangu. Jina lake silitaji, nisije nikala konde bure. Enzi zake alikuwa bondia, na mtaani kwetu Manzese alikuwa hapiti bila watoto kumfuata nyuma. Alipanda ulingoni miaka kumi na ushee, akashinda mengi, akapoteza kadhaa, kisha usiku mmoja akapigwa vibaya sana na hakuitwa tena. Mwenyewe hajawahi kutangaza kustaafu. Ni simu tu iliyoacha kulia.

Tangu hapo ni mtu wa kijiweni. Kahawa, kashata, na lile pambano lake moja ambalo eti aliibiwa. Siku hizi anaweza kulisimulia mara mbili jioni moja, na ile mara ya pili anaanza upya kabisa kama vile hatujawahi kulisikia. Hapo ndipo tunapotazamana, na hakuna anayecheka.

Basi Jumapili moja akanivuta chemba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe si ndiye mwandishi wa magazeti? Niandikie barua kwa promota. Narudi."

Nikacheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Mjomba, una miaka 43."

"Foreman alikuwa na 45 na akachukua mkanda wa dunia. Ndiyo, siyo?"

Hapo akawa amenishika. Ni kweli kabisa. Nikamwomba wiki mbili, nikaenda kuisoma hiyo stori ya Foreman, maana wengi wetu tunajua mwisho wake tu, hatujui alipitia wapi. Haya, sogea karibu.

USIKU WA KINSHASA

George Foreman alizaliwa Januari 10, 1949 huko Marshall, Texas, akakulia Houston katika mtaa wa Fifth Ward, mtaa wa watu wa hali ya chini. Shule ilimshinda. Akawa kibaka, na ukubwani hakuficha hilo. Kilichomwokoa ni mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafundisha kazi vijana walioacha shule, uitwao Job Corps. Huko ndiko alikokutana na kocha aliyemvalisha glovu. Mwaka 1968 tu akachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Mexico City.

Januari 1973, pale Kingston, Jamaika, akakutana na bingwa wa dunia Joe Frazier. Alimwangusha mara sita katika raundi mbili. Mara sita, jamani! Hadi anakwenda Zaire mwaka 1974 alikuwa ameshinda mapambano yote 40, na 37 kati ya hayo hayakufika mwisho. Watu walikuwa wanamwonea huruma Muhammad Ali, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 32. Wapo waliohofia angeuawa.

Lakini Foreman yule hakuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa mnunaji, haongei na mtu. Alishuka Zaire na mbwa mkubwa wa Kijerumani, bila kujua kwamba wenyeji waliwakumbuka mbwa wa aina ile kwa askari wa Kibelgiji wa enzi za ukoloni. Mji mzima ukawa wa Ali.

Oktoba 30, 1974, alfajiri, Ali akajiegemeza kwenye kamba akamwacha jamaa apige. Foreman akapiga, akapiga, hadi mikono ikawa mizito kama magogo. Raundi ya nane Ali akatoka kambani, na bingwa akaenda chini.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipomwona mjomba wangu. Kwa miaka, Foreman hakukubali kwamba alipigwa. Mara kamba zililegezwa makusudi. Mara refa alihesabu haraka. Mara maji aliyopewa yalitiwa dawa. Aprili 1975 akafika hadi kupigana na mabondia watano siku moja kule Toronto, ilimradi dunia ijue bado yumo. Alikuwa na hela, nguvu na umri, lakini moyoni hakuwa ametoka Kinshasa.

MIAKA KUMI BILA KONDE

Machi 17, 1977, San Juan, Puerto Rico, akapoteza kwa pointi mbele ya Jimmy Young. Chumba cha kuvalia, akiwa hoi kwa joto na uchovu, alijiona anakufa. Mwenyewe alisimulia kwamba alihisi ametumbukia kwenye giza tupu, kisha akaanza kupiga kelele akimtaja Yesu. Wewe amini unavyoamini. Ninachojua mimi ni kwamba aliyeingia chumba kile siye aliyetoka. Akaacha ngumi akiwa na miaka 28.

Akawa mhubiri. Mwanzo ilikuwa vijiweni na barabarani kule Houston, na baadaye akafungua kanisa dogo. Mwaka 1984 akaanzisha kituo cha vijana, mahali ambapo watoto wa mtaani wangeweza kufanya mazoezi badala ya kukaba watu kama yeye zamani. Akanenepa, akanyoa kipara, na ajabu kuliko yote, akajifunza kucheka.

Mjomba, hesabu nami: kuanzia 1977 hadi 1987 ni miaka kumi. Miaka kumi kichwa kile hakikupigwa hata konde moja la ulingoni. Na miaka kumi moyo ule ulikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

KWA NINI ALIRUDI

Kituo kile kilikuwa kinakula pesa, na pesa zikapungua. Foreman alisema wazi kwamba amerudi ulingoni ili kukitafutia kituo fedha. Hakurudi ili aitwe bingwa tena kijiweni, na nawaomba mkishike hicho.

Pambano la kwanza lilikuwa Machi 9, 1987 kule Sacramento, akiwa na miaka 38 na kilo kama 121. Waandishi walimcheka. Walimwita bonge, mla baga. Naye akacheka nao, akawa anawazidi kwa utani. Hakuanza kwa kudai mkanda. Alipigana miji midogo na watu wasio na majina makubwa, akapanda ngazi moja moja. Alishinda mapambano 24 mfululizo kabla hajakutana na bingwa Evander Holyfield, Aprili 1991. Alipoteza kwa pointi, lakini akiwa na miaka 42 alimaliza raundi zote 12 akiwa amesimama.

Na upiganaji wake ulibadilika. Yule wa zamani alikuwa anarusha makonde kama anadaiwa. Huyu mpya hakuwa na haraka. Alikunja mikono mbele ya uso kujikinga, alisukuma jebu ya kushoto taratibu, na mapumziko ya raundi alikuwa na tabia ya kusimama tu konani wakati wenzake wamekaa kwenye kiti. Hasira ilipoondoka, pumzi ikabaki.

Novemba 5, 1994, Las Vegas. Chama kimojawapo cha ngumi kilikuwa kimegoma kulitambua pambano kwa sababu ya umri wake, hadi akaenda mahakamani. Bingwa ni Michael Moorer, miaka 26. Foreman akapanda na bukta ile ile nyekundu ya Kinshasa. Konani kwake yuko Angelo Dundee, mzee yule yule aliyekuwa kona ya Ali usiku ule wa Zaire! Raundi tisa anapigwa, majaji wote watatu wanampa Moorer. Raundi ya kumi, konde fupi la kulia kidevuni. Moorer chali. Foreman hakurukaruka. Alipiga magoti konani akasali.

Miaka 45, bingwa wa uzito wa juu, na mpaka leo hajatokea mzee zaidi yake kuutwaa mkanda huo.

JIKO LILILOSHINDA MAKONDE

Pambano lake la mwisho lilikuwa Novemba 1997, akiwa na miaka 48. Alipoteza kwa Shannon Briggs, uamuzi ambao wengi waliuona wa ajabu. Yule wa 1974 angelia miaka kumi. Huyu aliaga kwa tabasamu, maana alikuwa na pa kwenda.

Tangu 1994 alikuwa ameweka jina lake kwenye jiko dogo la umeme la kuchomea nyama, lenye bati la mteremko ili mafuta yachuruzike. Watu waliliamini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtani, mnene, anayependa kula, na bingwa. Yamekwisha kuuzwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 1999 kampuni ya Salton ilikubali kumlipa dola milioni 137.5 kwa haki ya kulitumia jina lake. Kinshasa, kwa kipigo kile, alilipwa dola milioni 5. Jiko lilimpa mshiko kuliko ngumi zote. Juu ya hapo alikuwa mtangazaji wa ngumi kwenye televisheni.

Watoto wake walikuwa 12, na wavulana wote watano aliwaita George. Alikuwa akitania kwamba mtu aliyepigwa makonde mengi kama yeye asitwishwe mzigo wa kukumbuka majina. Kijiweni utani huo tuliucheka wote. Mjomba peke yake hakucheka.

UPANDE WA PILI WA SARAFU

Sasa nisikudanganye, msomaji. Ali naye alirudi. Alipumzika miaka miwili tu, na Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, akapanda kupigana na Larry Holmes. Ulikuwa msiba. Hakushinda hata raundi moja, na kona yake ikasimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Mwaka uliofuata akapanda tena, akapoteza tena. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson.

Machi 1997, filamu inayohusu lile pambano la Kinshasa ilipopewa tuzo ya Oscar, Ali na Foreman walipanda jukwaani. Mikono ya Ali ilikuwa inatetemeka, na ngazi zikamshinda. Aliyemshika mkono akampandisha ni Foreman, yule yule aliyedai maji yalitiwa dawa. Nilipoitazama picha hiyo sikuona mshindi wala mshindwa. Niliona mtu aliyepona akimsaidia rafiki.

Ali alifariki Juni 2016. Foreman alimfuata Machi 21, 2025, akiwa na miaka 76.

BARUA

Wiki mbili zilipokwisha nilirudi kwa mjomba nikamsimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe. Nikamwambia Foreman mmoja ndiye tunayemjua kwa sababu wengine waliorudi uzeeni hatukusimuliwa. Nikamwambia kwanza twende hospitali wakamwangalie kichwa.

"Wewe ndiye wa kuangaliwa kichwa," akasema. Lakini hakuondoka. Alikaa kimya muda mrefu, kahawa ikapoa. Kisha akauliza:

"Hicho kituo chake cha watoto, alianza na watoto wangapi?"

"Sijui mjomba. Nadhani alianza na waliokuwepo."

Akaangalia ng'ambo ya barabara. Watoto watatu walikuwa wanapigana ngumi za mchezo, mikono yote imeshuka chini, videvu viko juu kama wanaangalia ndege.

"Yule mwenye kaptula ya bluu," akasema, "atakuja kuumizwa yule. Hajui kuficha kidevu."

Nimeiandika barua, ila siyo kwa promota. Nimemwandikia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kuomba kile kiwanja cha wazi kwa saa mbili kila jioni, kwa ajili ya mazoezi ya watoto. Nimeacha nafasi chini ya kuweka saini. Mpaka naleta makala haya mjomba alikuwa hajasaini. Lakini jana nilimwona nayo kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, na kijiweni hakusimulia lile pambano hata mara moja.