Haba na Haba Hujaza Kibaba, Lakini Pia Humaliza Mfuko

Ndugu wanakikundi, hebu tuanze na swali. Jana uliingia dukani mara ngapi?

Tukiuliza hivi kwenye mikutano, watu hucheka kwanza. Halafu wanaanza kuhesabu: asubuhi majani ya chai ya shilingi kumi, mchana chumvi, jioni mafuta ya kupima na kipande cha sabuni. Kila mara pesa ni kidogo, kwa hivyo hatuoni kama tumetumia. Lakini mwisho wa mwezi mfuko ni mtupu na karo ya mtoto haijapatikana.

Kununua namna hii siku hizi tunaita "kadogo". Si ujinga. Mtu wa kibarua hulipwa leo kwa kazi ya leo. Hawezi kununua mche mzima wa sabuni huku watoto wanangoja unga. Lakini jambo tunalofanya kila siku ni lazima tulielewe.

TULIFIKAJE HAPA?

Wazee mtakumbuka wakati Serikali ilipokuwa inapanga bei ya vitu kama unga, sukari na mkate. Katika miaka ya 1990 udhibiti huo uliondolewa hatua kwa hatua, na mwishoni mwa 1993 biashara ya mahindi ikafunguliwa kwa wote. Bidhaa za aina nyingi zikajaa madukani, lakini bei nazo zikaanza kupanda na kushuka bila kungoja amri ya mtu.

Watengenezaji waliona kwamba wengi wetu hatuwezi pakiti kubwa. Basi wakapunguza pakiti mpaka ikatoshana na sarafu iliyo mkononi: sabuni ya unga, majani ya chai, mafuta ya kujipaka, hata dawa ya meno.

Mwenye duka naye alibadilika. Anauza robo ya sukari na nusu mkate. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, anafunga sukari kwa karatasi, na wewe unakwenda na chupa yako kupimiwa mafuta. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, anaweza kulipa duka la jumla kwa simu na kuletewa mzigo kwa boda boda bila kufunga duka.

Na tusidhani wakubwa wako salama. Nakumatt, yaliyokuwa maduka makubwa yenye jina nchini kote, yalifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya madeni. Kioski cha kando ya barabara bado kiko. Kwa nini? Mwenye kioski anakujua kwa jina, anafungua alfajiri, na siku huna kitu anakuandika kwenye daftari la madeni.

TUFANYE HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za duka lako.

Tuseme pakiti ya gramu 20 ya sabuni ya unga ni Sh. 10, na pakiti ya gramu 500 ni Sh. 180. Gramu 500 ni sawa na pakiti ndogo 25. Ukinunua ndogo ndogo umelipa Sh. 250. Umepoteza Sh. 70. Ikiwa hicho ndicho kiasi cha mwezi mmoja, kwa mwaka ni Sh. 840, tena kwa sabuni peke yake. Kikundi cha nyumba 20 kinapoteza Sh. 16,800. Hiyo ni pesa ya kununua mbuzi!

Lakini ngoja. Ukipanda boda boda ya Sh. 100 kwenda mjini kufuata pakiti ya bei nafuu, umepata hasara zaidi. Ndiyo maana mtu mmoja peke yake haoni faida ya kununua kwa wingi. Kikundi kinaweza kuiona.

MITEGO YA KUANGALIA

Soma gramu, si bei tu. Wakati mwingine bei haibadiliki na pakiti ni ile ile kwa macho, lakini kilichomo kimepungua. Na Sh. 199 ni Sh. 200. Usidanganywe na shilingi moja.

Angalia kipimo. Gorogoro lililobonyezwa chini halijazi. Kisheria mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo. Kuuliza si kumtusi mwenye duka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji kuzihusu.

Ogopa mkopo wa simu kwa chakula cha leo. Deni hilo hutozwa ada, na ukichelewa linakua. Unga umeliwa, umekwisha, lakini deni bado linakula.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Anzeni na vitu viwili au vitatu visivyoharibika upesi, kama sabuni, chumvi na majani ya chai. Mahindi msiyaweke kwa wingi bila kuyakausha vizuri na kuwa na mahali pakavu. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

2. Kila mtu alipe kwanza. Mtu wa kibarua aweke shilingi kumi kila siku kwa mweka hazina mpaka sehemu yake itimie. Kila senti iandikwe, mbele yake.

3. Wanunuzi wawe wawili, na waje na risiti. Wapite maduka mawili ya jumla kabla ya kununua.

4. Nauli igawanywe kwa wote, tena ihesabiwe. Kama nauli inazidi faida, msiende.

5. Mgao ufanywe hadharani, kwa mizani au kipimo kimoja.

6. Msikopeshane mzigo wa kikundi. Vikundi vingi vimevunjika hapo. Huruma ni nzuri, lakini iwe na mfuko wake.

Na mwenye duka wa kijijini je? Yeye si adui. Ni jirani, na siku ya ugonjwa huenda ndiye atakayekuandikia unga. Ongeeni naye. Mkimwambia, "Mama, sisi nyumba 20 tutachukua katoni nzima na tutalipa taslimu," huenda akawapunguzia bei, kwa sababu pesa taslimu ni bora kwake kuliko daftari lililojaa madeni. Hivyo mtaokoa hata nauli.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni vitu gani tunavyonunua kadogo kila wiki? Tuviandike, pamoja na bei na gramu zake.

2. Ni kitu gani kimoja tunachoweza kununua pamoja mwezi huu?

3. Tukiokoa pesa, itafanya kazi gani? Tukubaliane kabla hatujaishika mkononi, kwa maana pesa isiyo na kazi hupata kazi yenyewe.