Unataka Waru ya Krisi Kutoka Shamba ya Shosho Kaaga? Anza Kuhesabu Septemba

Kila Desemba ni ile ile. Mnashuka ocha na mbogi yote, mukimo inapikwa ya watu thelathini, halafu mtu anatumwa Gakoromone kununua waru. Kununua! Na shosho ako na shamba nyuma ya nyumba inaota nyasi tu. Kama kwenu ni Kaaga ama pande hizo za Meru, hiyo waru unaweza kuitoa hapo hapo, na ubaki na ya kuuza. Shida ni moja: wasee wengi huamka kama kalenda ishawaacha.

Hesabu iko hivi. Shangi, ile waru ya chipo kila mtaa, inachukua kama siku 90. Ukitaka kuchimba tarehe 20 Desemba, rudi nyuma siku 90 unaangukia 21 Septemba. Ukingoja mvua ishike vizuri ndio upande katikati ya Oktoba, utachimba katikati ya Januari. Njaanuary utakula waru poa sana, lakini sherehe itakuwa ilishaisha. Kuna aina nyingine inaitwa Sherekea, na usidanganyike na jina. Inavumilia ugonjwa wa majani kuliko Shangi lakini inakawia kukomaa, kwa hivyo itachelewa kwa party yake yenyewe.

Sasa utauliza, Septemba si bado ni kiangazi? Ndio, lakini mbegu ya waru hubeba maji yake, na huchukua wiki mbili tatu kabla ya kutokeza juu. Ukipanda mwisho wa Septemba, mvua ya Oktoba inakuta mizizi ishaanza kazi. Ikichelewa, utabeba ndoo. Cha muhimu, panda mbegu imeshatoa macho. Hapo Shangi inakubeba, juu hailali: ile imechimbwa Julai, Septemba huwa ishachipuka. Chagua saizi ya yai, na usiikate kwa kisu ndio itoshee shamba kubwa. Kisu hubeba mnyauko wa bakteria kutoka kiazi kimoja hadi kingine, na huo ukiingia kwa udongo hautoki leo wala kesho.

Kujua kama mmea uko nao ni rahisi. Ukiona umenyauka na udongo bado uko na maji, kata shina, chovya kwa glasi ya maji safi, subiri kidogo. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ng'oa huo mmea na viazi vyake vyote upeleke mbali. Hapo usirudishe waru wala nyanya msimu ujao. Weka mahindi.

Plot ya futi 50 kwa 100 inaingia mashimo kama 2,000 ukiacha sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mbegu na mbegu. Hiyo ni magunia mawili hivi ya kilo 50. Ukipata mbegu imekaguliwa na KEPHIS, lipa tu hiyo doh.

Noma ya kweli ni Novemba. Mvua ya upande huu wa Mlima Kenya si ya mchezo, na baridi yenye unyevu ndiyo blaiti inapenda. Ni ugonjwa ule ule uliomaliza waru Ayalandi kuanzia 1845, na njaa ikaua watu kama milioni moja. Inaanza na madoa meusi kwa majani, ukigeuza chini unaona ukungu mweupe, na shamba lote linaweza kuisha ndani ya siku chache. Kwa hivyo dawa kama mankozebu hupigwa kabla ya kuona doa, halafu unarudia vile pakiti inasema. Ukingoja uone ndio ukimbie agroveti, buda, umechelewa. Na upandishe udongo kwa matuta, juu waru ikiona jua inakuwa kijani, na ya kijani iko na sumu. Hiyo usimpikie mtu.

Wiki mbili kabla ya kuchimba, yaani kama tarehe 6 Desemba, kata majani yote. Inauma kidogo, lakini ngozi inakomaa na waru haichubuki kwa gunia.

Halafu broka atakuja. Anajua Shangi haikai sana kabla ichipuke, kwa hivyo anajua uko na haraka, na atakuja na gunia ya lumbesa imeshonewa kofia juu. Sheria ya 2019 inasema gunia ya waru isizidi kilo 50. Tafuta mizani, uza kwa kilo. Akikataa, jirani zako pia wanapika Krisi, na debe moja moja huisha haraka kuliko unavyodhani. Ile ya shosho iweke mahali pa giza, penye hewa.