Manyoya yakififia, kagua bakuli kwanza

MBWA anayelishwa ugali mtupu kila siku hatimaye hukauka ngozi, akatoka magamba na manyoya yake yakapoteza mng'ao. Wenyewe hukimbilia tembe za virutubisho dukani, ilhali kasoro imo bakulini.

Mwili wa mbwa hauwezi kujiundia asidi ya linoleiki, mafuta yanayoizuia ngozi kupoteza maji. Aidha, mahindi yana fitati, kemikali inayoyanasa madini ya zinki yasifyonzwe tumboni. Kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, pamoja na nyama au omena, huweza kuziba pengo hilo. Nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa, si siku mbili.

Paka ni kiumbe mwingine kabisa. Yeye huhitaji pia asidi ya arakidoniki, ambayo huipata katika vyakula vitokanavyo na wanyama, hivyo mafuta ya mimea pekee hayamtoshi. Lakini maini ya kila siku, au mafuta ya maini ya samaki yakizidi, humlimbikizia vitamini A hadi mifupa ya shingo ikashikana asiweze hata kujilamba.

Na iwapo mnyama anajikuna usiku kucha, tembe haitafaa kitu: huenda ni viroboto au upele, na wa kumtibu ni daktari wa mifugo.